Ukiagiza replika ya Speedster, anza na visivyobadilishika kwa spana

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Baada ya kujinyima miaka mingi, nimefika hatua ya kuagiza replika (nakala mpya) ya Porsche 356 Speedster. Muundaji amenitumia fomu ya kurasa sita. Injini peke yake ziko tano: 1,600, 1,776, 1,915, 2,332 na ya Subaru. Kuna breki, giaboksi, viti, rimu, rangi, mpaka aina ya kapeti. Pesa niliyonayo haitoshi kuweka alama kwenye kila kisanduku. Mimi natamani injini kubwa kuliko zote na rangi nyeusi. Mke wangu, ambaye nitasafiri naye wikiendi na mara chache safari ndefu, anataka hita tu. Nina urefu wa sentimita 188. Nianzie wapi?"

Marahaba, na hongera sana. Kujinyima miaka yote hiyo kwa ajili ya gari moja si jambo dogo, na ndiyo maana nimelijibu swali lako kwa urefu.

Fomu za namna hii hupangwa kwa jicho la muuzaji. Rangi na rimu ziko mbele, ngozi ya viti inafuata, na mambo ya chesisi yamejificha mwishoni kwa herufi ndogo. Wewe isome kutoka nyuma. Shika kalamu, na pembeni ya kila kipengele jiulize: nikikiacha leo, mimi na fundi wangu tutaweza kukifunga baadaye kwa siku moja bila kufumua gari? Usukani, ndiyo, unashikiliwa na nati moja. Vioo vya pembeni, keria ya mizigo, kapeti na redio, ndiyo. Chesisi, hapana. Ekseli ya nyuma, hapana. Uwiano wa giaboksi, hapana. Kichujio cha oili, na hapa wengi hushangaa, hapana. Lipia hizo hapana kwanza, mpaka ziishe. Kitakachobaki ndicho cha mapambo.

Wala usijione mnyonge ukirudisha fomu yenye visanduku vingi vitupu. Speedster lenyewe lilizaliwa kwa kupunguziwa vitu. Max Hoffman, aliyekuwa akiingiza magari ya Porsche Marekani kupitia New York, alitaka gari la wazi litakalouzwa chini ya dola 3,000. Lilipotoka mwishoni mwa 1954, bei ilikuwa dola 2,995. Kioo cha mbele kilifanywa kifupi, cha kufunguka kwa boliti. Milango haikuwa na vioo vya kupanda na kushuka, ila vipande vya pembeni vya kuchomeka mvua ikija. Viti vilikuwa vyepesi, na turubai lilikuwa jembamba la kukinga manyunyu tu. Umbo linalokukosesha usingizi limetokana na vitu vilivyoondolewa.

Na usione haya kwa kuwa chini ya bodi kuna Volkswagen Beetle. Beetle ilibuniwa na Ferdinand Porsche, na mwanawe Ferry alipoanza 356 mwaka 1948 alitumia vipuri vya Volkswagen. Kwa hiyo replika yenye sakafu na injini ya Beetle imekaa kwa ndugu zake.

Sasa tuingie chini ya gari. Kwenye Beetle, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,400. Kwenye 356 ni 2,100. Maana yake muundaji anayetumia sakafu ya Beetle lazima aikate, atoe sentimita 30 hivi, kisha aunganishe upya kwa kuchomelea. Mshono huo ndio unaobeba gari lako, na ndio usioonekana kabisa gari likishakamilika.

Niliwahi kuitwa kuangalia Speedster la rangi ya fedha, jipya, lililokuwa halijatembea kilomita 2,000. Mwenyewe alilalamika kwamba mlango wa kushoto unagoma kufunga akiegesha mahali palipoinama. Niliweka jeki chini ya kona moja ya nyuma, nikanyanyua polepole huku ncha ya kidole ikiwa kwenye ule mwanya kati ya mlango na bodi. Kidole kilihisi kabla ya jicho: juu mwanya ulikuwa unabana, chini unapanuka. Tulipong'oa kapeti tukakuta mshono umechomelewa vipande vipande, vya sentimita mbili tatu, na katikati ya kipande na kipande pamejazwa gundi ya kuziba maji na kupakwa rangi nyeusi. Aliyeliunda simtaji. Rangi ya nje ilikuwa safi ajabu, unaweza kujitazama uso. Kulirekebisha tulilazimika kuinua bodi nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandika kwenye fomu yako halina kisanduku. Andika kwa mkono: "Mshono wa sakafu uchomelewe mfululizo, uwekewe bamba la kuimarisha, na nitumiwe picha za juu na za chini kabla ya kupakwa rangi na kutandikwa kapeti." Muundaji mzuri atafurahi kuulizwa, kwa sababu kazi hiyo ndiyo fahari yake na kwa kawaida hakuna anayeiona. Akikukasirikia, umeshapata jibu. Uliza pia kama kuna fremu ya bomba za chuma za pembe nne inayozunguka ndani ya bodi na kufungwa kwenye sakafu. Faibaglasi ya bodi peke yake haibebi kitu.

Wengine hutoa chesisi ya bomba iliyoundwa upya kabisa, bila sakafu ya Beetle. Ikiundwa vizuri ni ngumu zaidi, na kwa mtu wa urefu wako inaweza kukupa nafasi ya kushusha sakafu chini ya kiti. Ila hakikisha kwanza inasajiliwaje unakoishi, kwa sababu sakafu ya Beetle huja na namba yake na mwaka wake, na chesisi mpya haina. Uingereza, kwa mfano, gari lililoundwa upya hupitia ukaguzi wa IVA, yaani wa kuidhinisha gari moja moja, na mkaguzi huangalia hata kingo zenye ncha zinazoweza kumjeruhi mtembea kwa miguu. Nenda kwenye mamlaka yako kabla ya kulipa malipo ya awali, uwe na fomu mkononi, uwaulize mbele ya karatasi.

Ekseli ya nyuma. Beetle za zamani zina ekseli yenye kiungo kimoja tu kila upande, pale inapotoka kwenye giaboksi. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona kali, sehemu ya nyuma huinuka na gurudumu hujikunja kuingia chini ya gari, tairi likabaki limesimama kwa ukingo. Ndipo nyuma inapokutoka. Porsche 356 zenyewe zilikuwa na mtindo huo, kwa hiyo kuna watakaokuambia ndio uasilia. Mimi nakushauri uchague ekseli yenye viungo viwili kila upande, ile ambayo Volkswagen iliiweka kwenye Beetle za Marekani kuanzia modeli za 1969. Gurudumu linabaki limekaa vizuri barabarani, na abiria hahisi tofauti yoyote ila utulivu. Ukiambiwa haipo, basi omba ule mtaimbo wa kuzuia magurudumu ya nyuma yasijikunje. Kuigeuza ekseli baadaye ni kukata na kuchomelea, kwa hiyo amua sasa.

Breki nazieleza kwa ufupi kwa kuwa jibu ni rahisi: diski mbele, ngoma nyuma, na masta silinda ya njia mbili ili njia moja ikivuja usibaki mikono mitupu. Gari hili lina uzito wa kilo 800 hivi, halihitaji zaidi. Kitu kimoja tu ukiangalie, nacho ni matundu ya boliti za rimu. Beetle za zamani zilikuwa na boliti 5 kwenye duara pana la milimita 205, sawasawa na Porsche 356. Zilizofuata zilikuja na boliti 4 kwenye duara la 130. Ukichagua diski na ngoma za 5 kwa 205, siku yoyote maishani unaweza kufunga rimu za umbo lile la asili, zenye tundu kubwa katikati. Ukichukua za 4, umefungiwa nje. Hivyo rimu za ukurasa wa pili hazina haraka, ila vitovu vinavyozibeba vina haraka.

Tufike kwenye injini, ambako najua moyo wako uko.

Injini ya kawaida ya 1,600, ambayo kwa hakika ni cc 1,584, ina pistoni zenye upana wa milimita 85.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 69. Ukiweka pistoni za 90.5 bila kugusa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, unapata 1,776. Ukiweka za 94 unapata 1,915. Ile ya 2,332 ina pistoni za 94 na krenki yenye mwendo wa milimita 84. Zote zinapozwa kwa hewa, na nyumba yao, yaani kasha la injini, ni ileile iliyoundwa kwa injini ndogo. Unapoongeza nguvu unaongeza joto, na joto hilo linatoka kwa njia mbili tu: feni na oili. Oili yenyewe ni lita 2.5. Mapezi ya silinda hayajakua, feni haijakua, na mdomo wa kuingizia hewa wa Speedster ni ule wavu mmoja mdogo juu ya boneti ya nyuma.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muundaji si "inatoa farasi wangapi?" Muulize: "Nikipanda mlima mrefu mchana wa jua, tuko wawili na mizigo, joto la oili litasimama wapi?" Anayeijua kazi yake atakueleza habari za kipoza oili, mabati ya injini na mpira wa pembeni. Asiyeijua atakurudisha kwenye farasi.

Huo mpira wa pembeni naomba uuelewe vizuri, kwa sababu ni kitu cha bei ndogo kinachoua injini za gharama kubwa. Injini hii imezungukwa na mabati yanayogawa chumba chake sehemu mbili. Juu ni hewa baridi inayovutwa na feni. Chini kuna bomba za moshi na hewa iliyokwisha kuchukua joto. Kati ya mabati na bodi panapita ukanda wa mpira kuziba mwanya. Ukanda ukikosekana, hata upenyo wa upana wa kidole unatosha hewa ya moto kupanda, feni ikaimeza tena, na injini ikawa inajipoza kwa joto lake yenyewe. Kwenye replika bodi haikutoka kiwandani na mabati hayo, kwa hiyo mwanya hauwi sawa pande zote, na fundi mwenye haraka huuacha wazi. Ukifika kulipokea gari, fungua boneti, washa taa chini ya gari gizani, kisha chungulia kutoka juu. Ukiona mwanga unapenya, usilichukue gari mpaka pazibwe.

Kipoza oili nacho kina historia yake. Kwenye injini za zamani kilikuwa ndani ya nyumba ya feni, kimesimama mbele ya hewa inayokwenda silinda ya tatu, na silinda hiyo ikawa inaungua kabla ya wenzake. Kuanzia modeli za 1971 Volkswagen walikihamishia kwenye kijumba chake, chenye njia yake ya hewa. Dai hicho kilichohamishwa. Kisha dai kichujio cha oili. Beetle ilitoka kiwandani na wavu tu chini ya sampu, pale oili inapokusanyika chini ya injini, hakuna kichujio. Kuweka kichujio cha kweli, kinachopitisha oili yote, kunahitaji kutoboa na kukata nyuzi za skrubu kwenye njia ya oili katika nyumba ya injini. Kazi hiyo ifanyike nyumba ikiwa tupu mezani, ili vumbi la metali lioshwe lote. Ukitaka kuitoboa baada ya injini kufungwa, unaingiza vumbi hilo kwenye beringi kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana nilikiweka kwenye orodha ya hapana.

Kuhusu sampu ya nyongeza, ile inayoongeza ujazo wa oili: inasaidia, lakini inaning'inia chini. Kama umeomba gari lishushwe, inakuwa ndiyo inayogusa tuta kabla ya kitu kingine. Mimi ningechukua kichujio na kipoza, nikaliacha gari kwenye kimo chake cha kawaida.

Ushauri wangu kwako ni 1,776, iliyoundwa kwa upole, na kabureta mbili. Itafika au kupita kidogo farasi 75 za Porsche 356 1600 Super ya enzi zile. Tena kwa gari jepesi namna hii, lenye makalio yako yakiwa karibu na lami, kilomita 80 kwa saa ni raha tele. Ile 1,915 si mbaya kama muundaji ana sifa ya kuzijenga. Ile 2,332 mwachie anayekwenda kushindana, aliye tayari pia kulipia klachi nzito na giaboksi iliyoimarishwa, na anayekubali kufungua injini mara kwa mara. Kabureta mbili zina sharti lake: lazima zivute hewa sawa. Zikipishana, injini itatikisika kwenye mzunguko wa chini na utalaumu plagi bure. Tafuta kabla ya gari kufika fundi anayejua kuzisawazisha kwa kipimo cha hewa, si kwa kusikiliza tu.

Injini ya Subaru ninaiheshimu. Ni ya kulala kama ya Porsche, ina nguvu nyingi, na huwaka asubuhi bila maneno. Lakini inapozwa kwa maji, kwa hiyo inahitaji radieta mbele na mabomba marefu kupita chini ya gari, na pua ya 356 haina mdomo wa kuingizia hewa. Kazi hiyo ikifanywa na aliyewahi kuifanya mara nyingi, inakaa. Ikifanywa kwa mara ya kwanza juu ya gari lako, utakuwa unamlipia masomo. Na mlio si ule. Kwako, anayetaka wikiendi za taratibu, sioni sababu.

Giaboksi isikupite. Utapewa uwiano wa mwisho wa 3.88, 4.12 au 4.37. Kwa matairi ya 165 ya inchi 15, ukiwa gia ya nne kwa kilomita 100 kwa saa, 3.88 itazungusha injini takriban mizunguko 2,900 kwa dakika, na 4.37 takriban 3,300. Tofauti hiyo ya mizunguko 400 utaisikia masikioni safari nzima, ukiwa na turubai jembamba juu ya kichwa. 1,776 ina nguvu ya kutosha kuvuta 3.88. Chukua hiyo.

Sasa urefu wako. Sentimita 188 kwenye Speedster ni jambo la kupima kabla ya kulipa. Kile kioo kifupi kina ukingo wa juu wa chuma, na mtu mrefu akikaa kwenye kiti chenye sponji nene, ukingo huo unamkata jicho katikati: anaona barabara juu yake na chini yake, lakini gari linalokuja liko nyuma ya chuma. Nenda ukakae kwenye gari lolote walilonalo. Vaa viatu utakavyoendeshea, maana pedali za Beetle zinainuka kutoka sakafuni, tena zimesogea kidogo kuelekea katikati kwa sababu ya gurudumu la mbele. Kiatu kipana kitagusa breki na mafuta kwa pamoja. Funga mkanda. Kanyaga klachi mpaka mwisho uone kama goti linagusa usukani. Kisha waombe wafunike turubai, ukae humo dakika kumi. Ukiona kichwa kinagusa, omba reli za kiti zishushwe au sponji ipunguzwe, na omba vipimo hivyo viandikwe kwenye mkataba kwa milimita.

Mikanda iwe ya pointi tatu, na boliti zake zikamate chuma cha fremu, kamwe zisishike faibaglasi yenye washa kubwa. Angalia pia ile nanga ya begani. Ikiwa chini sana kuliko bega lako, siku ya ajali mkanda utakuvuta kwenda chini na uzito wote utaishia kwenye uti wa mgongo. Kwa mtu mrefu hili ni la kweli zaidi. Bomba la chuma linalopita nyuma ya viti linatoa mahali pazuri pa kufunga nanga hiyo, nalo ni la kuchomelewa kwenye fremu mapema, kwa hiyo liweke kwenye hapana.

Umeme nitausemea jambo moja ambalo limenipotezea mchana mwingi. Bodi ya faibaglasi haipitishi umeme. Kwenye gari la bati, taa hujipatia njia ya kurudi kupitia bodi yenyewe; hapa kila taa, kila honi, kila geji lazima iwe na waya wake wa kurudi hadi kwenye chuma. Ukiwasha indiketa ukaona taa ndogo ya upande mwingine inapepesa nayo, au taa kubwa zinafifia ukikanyaga breki, usibadilishe balbu, tafuta waya wa kurudi. Omba kwenye mkataba nyaya hizo zote zikutane kwenye bamba moja la shaba lenye boliti kwenye chesisi, omba rilei kwa taa kubwa, na swichi ya kukata betri unayoifikia ukiwa umekaa. Kwenye dashibodi zile geji tatu za asili zinatosha, mradi mojawapo ionyeshe joto la oili. Kwenye gari hili ni muhimu kuliko spidi.

Rangi nyeusi. Najua inavyopendeza kwenye umbo hili, lakini sikushauri. Faibaglasi huendelea kukauka muda mrefu baada ya kutoka kwenye umbo lake, na joto huiharakisha. Nyeusi juani hupata moto kuliko rangi nyingine zote, na baada ya misimu michache unaweza kuona nyuzi za kitambaa cha ndani zimejichora juu ya rangi, kama mishipa kwenye mkono. Tena nyeusi huonyesha kila wimbi la bodi. Fedha, maziwa, kijivu au bluu hafifu zinasamehe. Kama moyo umekataa kabisa, basi sharti bodi ikae imekauka vya kutosha kabla ya kupigwa rangi, na muundaji akuandikie imekaa miezi mingapi. Na rangi yoyote utakayochagua, pata namba yake kwa maandishi. Siku ukikwaruzwa utaihitaji.

Malipo yaende kwa hatua, na kila hatua iambatane na picha: sakafu ikiwa tupu, fremu ikiwa imefungwa, injini ikiwa mezani na tundu la kichujio likionekana, nyaya kabla ya kapeti. Bakiza kiasi cha maana cha kulipa baada ya wewe mwenyewe kuliendesha. Kila badiliko utakaloomba njiani liandikwe na bei yake siku hiyohiyo, maana ugomvi mwingi niliowahi kusuluhisha ulitokana na maneno ya kwenye simu.

Limebaki la shemeji, nami niko upande wake.

Hita ya gari hili haina radieta wala umeme. Bomba za moshi zinapita ndani ya maboksi mawili ya bati pembeni mwa injini. Feni inapuliza hewa kuzunguka bomba hizo, na hewa hiyo ya moto inasafiri mpaka miguuni na kwenye kioo cha mbele. Bila hiyo, mvua ikinyesha, turubai likiwa juu na ninyi wawili mnapumua ndani, kioo kile kifupi kinaingia ukungu kwa dakika chache na utakuwa unaendesha kwa kufuta na kiganja. Kwa hiyo si starehe, ni macho yako. Kwenye Beetle njia za hewa hiyo zilikuwa kwenye mbavu za chini za bodi, na bodi hiyo ndiyo iliyotupwa. Muundaji lazima alaze mabomba mapya kabla ya kufunga bodi yako. Baadaye hakuna pa kuyapitisha.

Na hapa ndipo matakwa yenu mawili yanapogongana. Injini kubwa kama 2,332 hupewa bomba pana za moshi, ambazo mara nyingi huja bila maboksi ya joto. 1,776 inaishi nayo vizuri. Kwa hiyo kwenye fomu anza na hita, maboksi yote mawili, na njia mbili za hewa kwenye kioo. Ukishaweka alama hapo, ukurasa wa injini utakuwa umeshajijibu wenyewe. Mwambie shemeji kisanduku cha kwanza kujazwa ni chake.